Lebo ya Kughushi Mwilini mwa Askari

Vifaa vya kivita vya bei ghali ni kombati, fulana za kuzuia risasi, kofia ngumu, darubini za bunduki, miwani ya kinga na vifaa vya huduma ya kwanza ambavyo askari, polisi, walinzi na waandishi wa habari za vita hujinunulia wenyewe, mbali na vile wanavyogawiwa kazini. Soko lake lilipanuka baada ya mwaka 2001, majeshi ya Marekani na washirika wake yalipoingia Afghanistan na baadaye Iraq. Askari wengi walianza kutoa fedha mfukoni ili wapate vitu bora kuliko vya bohari, na kampuni zilizokuwa ndogo zikapata majina makubwa. Crye Precision ya Brooklyn, New York, iliyoanzishwa mwaka 2000, ndiyo iliyobuni mabaka ya MultiCam, ambayo jeshi la nchi kavu la Marekani liliyachagua mwaka 2010 kwa askari wake wa Afghanistan. Arc'teryx ya Kanada, iliyoanza mwaka 1989 ikishona vifaa vya wapanda milima, iliongeza mavazi ya askari na polisi. Aimpoint ya Sweden na Trijicon ya Marekani zilitawala darubini za bunduki. Bei zake si za mchezo: suruali moja ya kivita ya Crye huuzwa zaidi ya dola 200, na kofia ya Ops-Core zaidi ya dola 1,000.

Bei ikifika huko, wa kughushi hawachelewi. Mwanzoni walinakili vitu vinavyoonekana kwa macho: mkato wa suruali, umbo la kofia, mpangilio wa mabaka. Baadaye wakagundua kwamba kinachomfanya mnunuzi atoe fedha ni kipande cha kitambaa cha upana wa vidole viwili kilichoshonwa ndani ya ukosi au kiunoni. Hapo ndipo lebo yenyewe ilipogeuka kuwa bidhaa.

Sababu ya lebo kuwa na nguvu hiyo ni kwamba ubora wa vifaa hivi umejificha. Anayenunua viatu anaweza kukunja soli na kunusa ngozi. Anayenunua bamba la kuzuia risasi hawezi kulipiga risasi dukani kisha akaondoka nalo. Hawezi kujua kama kitambaa kitamficha mbele ya darubini ya usiku, wala kama kijiti cha kukazia mkanda wa kuzuia damu kitavunjika siku ya jeraha. Majaribio hayo hufanywa na maabara na watengenezaji, nayo lebo ndiyo taarifa kwamba yalifanyika. Aliyeghushi lebo ameghushi majaribio yote yaliyo nyuma yake, na anayedanganywa ni mtu asiye na njia ya kuyarudia.

Lebo halisi ya vazi la jeshi la Marekani ina mambo mengi kuliko jina la kampuni. Ina jina la kifaa, saizi, namba ya bohari yenye tarakimu 13 inayotambulisha aina ya kifaa, jina la mtengenezaji, maelezo ya ufuaji na namba ya mkataba wa serikali. Namba ya mkataba ina tarakimu mbili za mwaka wa fedha ambao mkataba ulitolewa. Jambo hilo dogo limewaumbua waghushi wengi, kwa kuwa wao hupata lebo moja halisi, wakaichapa kwa maelfu na kuishona kwenye kila kitu: shati, koti na suruali zote zikabeba mkataba uleule. Huonekana pia kombati yenye mabaka ya OCP, ambayo jeshi lilianza kuyauza kwa askari wake wote mwaka 2015, ikiwa na lebo ya mkataba wa miaka mingi kabla ya hapo. Mavazi ya kampuni binafsi yanayouzwa Marekani nayo mara nyingi huwa na namba ya usajili inayoanza na herufi RN, na mtu yeyote anaweza kuitafuta namba hiyo kwenye orodha ya wazi ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo na kuona ni ya kampuni gani.

Bidhaa hizi bandia hufika sokoni kwa njia ambazo hazifanani, na si kila aliyehusika alikusudia kudanganya. Njia iliyo pana kuliko zote inapitia mchezo wa airsoft, ulioanzia Japani, ambao wachezaji hurushiana vipira vidogo vya plastiki kwa bunduki za mfano. Wachezaji hupenda kufanana na makomandoo, na viwanda, hasa vya China na Hong Kong, huwatengenezea nakala za kila kitu: kofia za plastiki zenye umbo la Ops-Core, vifaa vya masikioni vinavyofanana na vya Peltor, darubini zenye sura ya Trijicon au EOTech. Nakala hizo huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya asili, na muuzaji wa kwanza mara nyingi husema wazi kwamba ni za mchezo, ingawa kubandika chapa ya kampuni nyingine bila ruhusa ni kosa hata hapo. Hatari kubwa huja kwenye mauzo ya pili na ya tatu. Mchezaji akichoka, huuza kofia yake mtandaoni na kusahau kutaja kwamba ni plastiki tupu. Mnunuzi wake humuuzia mlinzi wa kampuni. Kila kifaa kinapobadilisha mikono, maneno ya maelezo hupungua na bei hupanda, mpaka kofia isiyozuia hata jiwe zito inavaliwa na mtu anayeamini kwamba inazuia risasi ya bastola.

Wapo waghushi wa makusudi, na hao hufanya kazi kwa utaratibu. Huagiza mavazi yasiyo na lebo kutoka kiwanda kimoja na lebo zilizofumwa kutoka kingine, zikasafiri kwa vifurushi tofauti, kisha zikashonwa pamoja karibu na mnunuzi. Afisa wa forodha akifungua sanduku la mashati yasiyo na chapa haoni kosa lolote, na bahasha ya lebo ni nyepesi kiasi cha kupita bila kutazamwa. Kuna pia wanaokata lebo halisi kutoka nguo chakavu na kuzihamishia kwenye nguo duni. Aina hii ni ngumu kuliko zote kugundua, maana lebo yenyewe haina kasoro.

Hakuna kifaa kinachoonyesha ubaya wa biashara hii kuliko mkanda wa kuzuia damu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu anaweza kufa kwa kutokwa na damu ndani ya dakika chache, na hakuna daktari anayefika kwa muda huo. Kinachookoa ni mkanda unaofungwa juu ya jeraha na kukazwa kwa kuzungusha kijiti mpaka mtiririko wa damu ukatike. Mkanda uitwao C-A-T, unaotengenezwa Marekani na kugawiwa askari wa nchi hiyo tangu katikati ya miaka ya 2000, ndio unaotumika zaidi, nao ukanakiliwa mapema. Mwaka 2010 mamlaka za kijeshi za Marekani zilitahadharisha askari kuhusu nakala iliyotengenezwa Hong Kong kwa ajili ya wachezaji wa airsoft. Mkanda huo bandia ukiwa mfukoni ulionekana sawa na wa asili. Ukikazwa, kijiti chake kilipinda kabla ya damu kusimama.

Tofauti iko kwenye plastiki, uzi na mshono. Kijiti cha asili hutengenezwa kwa plastiki iliyoimarishwa, na toleo la saba la mkanda huo lina kijiti kinene zaidi kuliko matoleo ya awali. Nakala humiminwa kwa plastiki ya kawaida, velkro yake huachia ikilowa damu na matope, na utepe wa ndani unaovutwa na kijiti hukatika kwenye mshono. Mkanda halisi huuzwa karibu dola 30. Nakala huuzwa chini ya dola 10, mara nyingine kwa pakiti ya mikanda kadhaa. Baada ya Ikulu ya Marekani kuanzisha mwaka 2015 kampeni ya kuwafundisha raia kuzuia damu, mikanda hii iliingia shuleni, kwenye magari ya polisi na majumbani, na soko la nakala likaongezeka nalo. Urusi ilipoivamia Ukraine kwa nguvu zote Februari 2022, watu wa kujitolea duniani kote walinunua mikanda kwa maelfu na kuituma huko. Wengi hawakujua tofauti, na mikanda mibovu ilifika vitani pamoja na mizuri. Michango iliyotolewa kwa moyo safi ikageuka mtego kwa waliokusudiwa kuokolewa, na lawama yote ni ya aliyechapa jina la kampuni ya tiba kwenye plastiki asiyoijaribu.

Kitambaa nacho kina siri yake. Majani mabichi huakisi kwa wingi mwanga wa infraredi ya karibu, ambao macho ya binadamu hayauoni lakini darubini za usiku zinauona. Kitambaa cha kijeshi hutiwa rangi maalumu ili kahawia, kijani na rangi ya mchanga ziakisi mwanga huo kwa kiasi kinachokaribia udongo, magome na majani. Kazi hii ni ngumu na huongeza gharama. Kiwanda kinachonakili MultiCam kinaweza kupata rangi zilezile zinazoonekana mchana, jicho likashindwa kutofautisha, lakini usiku mambo yakabadilika: rangi za kawaida zikitazamwa kwa darubini hujikusanya kuwa weupe mmoja, mabaka yanafutika, na mvaaji anang'aa kama shuka lililoanikwa. Hata kombati halisi huharibika hivyo ikifuliwa kwa sabuni zenye kemikali za kung'arisha, ndiyo maana lebo za kijeshi hukataza sabuni hizo.

Kesi moja ya Marekani ilionyesha jinsi udanganyifu huo unavyoweza kupenya mpaka jeshini. Mwaka 2019 mfanyabiashara wa jumla kutoka New York alikiri mbele ya mahakama ya shirikisho ya jimbo la Rhode Island kwamba yeye na wenzake waliingiza bidhaa bandia zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 20. Walipeleka sampuli za nguo halisi pamoja na lebo zake kwa viwanda vya China na Pakistan, zikanakiliwa, zikarudi zikiwa na alama za biashara za kampuni nyingine na maneno ya kudai zimetengenezwa Marekani. Kisha ziliuzwa kwa wauzaji wengine wa jumla, ambao waliziuza kwa wanunuzi wa jeshi na serikali. Miongoni mwake yalikuwamo makoti 200 ya aina inayovaliwa na askari wa jeshi la anga waliokuwa Afghanistan, yaliyodaiwa kuwa ya MultiCam halisi. Kitambaa chake hakikuwa na uwezo wa kumficha mvaaji mbele ya vifaa vya kuonea usiku.

Maneno ya kudai bidhaa imetengenezwa Marekani yana uzito wa pekee katika soko hilo. Sheria iitwayo Berry Amendment, iliyoanza mwaka 1941, huilazimisha wizara ya ulinzi ya nchi hiyo kununua nguo zilizotengenezwa ndani ya nchi kuanzia uzi hadi mshono. Wazabuni wanaofuata sheria hulipa mishahara ya Marekani na kununua nyuzi za Marekani. Anayeagiza nje na kubandika lebo ya uongo hushinda zabuni kwa bei ambayo mshindani mwaminifu haiwezi, na viwanda vya haki hufungwa. Askari ni mwathirika wa kwanza wa lebo hiyo. Mshonaji aliyepoteza kazi ni wa pili, na habari zake huandikwa mara chache.

Upande wa fulana na mabamba ya kuzuia risasi, jina linaloghushiwa zaidi ni la taasisi ya serikali ya Marekani, National Institute of Justice, inayojulikana kwa kifupi kama NIJ. Taasisi hiyo haitengenezi fulana. Huweka viwango, hupima sampuli kupitia maabara zilizoidhinishwa, na huchapisha orodha ya modeli zilizofaulu. Katika kiwango chake cha mwaka 2008, daraja IIIA huzuia risasi za bastola tu, daraja III huzuia risasi za kawaida za bunduki kubwa, na daraja IV huzuia risasi moja ya kutoboa chuma. Kiwango kipya cha mwaka 2023 kimebadilisha majina ya madaraja hayo, ila majina ya zamani bado yanasikika madukani.

Ujanja hapa mara nyingi ni wa maneno. Muuzaji huandika kwamba bamba lake linafuata kiwango cha NIJ, au kwamba limejaribiwa kwa vipimo vya NIJ, na msomaji huelewa kwamba limeidhinishwa. Bamba lililoidhinishwa hutajwa kwa modeli yake kwenye orodha ya taasisi, na lebo yake huonyesha mtengenezaji, modeli, daraja, tarehe, namba ya toleo na upande unaotakiwa kuelekea risasi. Lebo isiyo na modeli inayoweza kutafutwa haina thamani yoyote. Bamba la kauri huvunja ncha ya risasi, na tabaka la nyuzi ngumu nyuma yake hukamata vipande. Bandia huwa na kauri nyembamba au duni, au tabaka la nyuma lililogundishwa vibaya, na kwa nje yote mawili yamefunikwa kitambaa cheusi kisichoonyesha chochote.

Upande huu wa fulana na mabamba ndio unaoigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Raia wa Tanzania, Kenya na Uganda hawaruhusiwi kuvaa sare za jeshi, hivyo biashara ya kombati za kifahari haina nafasi kubwa mitaani. Fulana za kuzuia risasi ni habari nyingine: zinahitajika na kampuni za ulinzi zinazosindikiza fedha, na waandishi wa habari na wafanyakazi wa misaada wanaokwenda Somalia au mashariki mwa Kongo. Wanunuzi hawa huagiza kupitia mawakala, kwa bajeti finyu, na kupewa cheti cha karatasi badala ya majaribio. Mwajiri anayemvalisha mlinzi fulana ya bei rahisi kuliko zote bila kuitafuta modeli yake kwenye orodha anaweka rehani maisha ya mtu mwingine.

Darubini za bunduki na miwani zinahitaji maneno machache. Darubini nyingi za Trijicon za aina ya ACOG huangaza alama ya shabaha kwa nyuzi za kioo zinazokusanya mwanga wa mchana na kwa gesi ya tritiamu usiku, bila betri. Nakala za mchezo huwa na kibweta cha betri, na hilo pekee hutosha kuzitambulisha nyingi za hizo bandia. Nakala hupoteza shabaha baada ya kufyatua mara chache, na kioo chake hupata ukungu kwa kuwa haikujazwa naitrojeni. Miwani bandia ya Oakley huchapishwa alama za viwango vya usalama, lakini lenzi yake inaweza kupasuka na kupeleka vipande jichoni, yaani ikasababisha jeraha ambalo ilinunuliwa kulizuia.

Anayetaka kujikinga hawezi kuanza na lebo, kwa kuwa ndiyo sehemu inayoghushiwa kwa uangalifu mkubwa kuliko zote. Muuzaji ndiye wa kuchunguzwa kwanza. Kampuni nyingi za vifaa hivi huuza moja kwa moja au hutaja wasambazaji wao, na barua pepe moja kwa mtengenezaji humaliza ubishi wa saa nyingi. Bei ni shahidi wa pili: vifaa hivi hupunguzwa bei mara chache, na punguzo la nusu kwa kitu kipya lina maelezo ambayo muuzaji hatayatoa. Namba hufuata: ya bohari, ya mkataba, ya RN, ya toleo. Vipande viwili vyenye namba moja ya pekee vinamaanisha kwamba angalau kimoja ni cha uongo. Mwisho ni kazi ya mkono, nayo humsaidia zaidi aliyewahi kushika kitu halisi: vifungo vya plastiki vyenye jina la mtengenezaji wake, zipu inayoteleza bila kukwama, mshono wa kuimarisha kwenye kila sehemu inayovutwa, na mabaka yasiyokuwa na mng'ao.

Sheria imeongezewa makali. Nchini Marekani kosa la kawaida la kuuza bidhaa zenye alama ya kughushi lina adhabu ya hadi miaka 10 jela. Ikiwa bidhaa hiyo ni ya kijeshi na kushindwa kwake kunaweza kusababisha kifo, jeraha au kukwama kwa operesheni, adhabu hufika miaka 20 na faini ya hadi dola milioni 5 kwa mtu mmoja. Tangu Juni 2023 sheria nyingine huyalazimisha masoko ya mtandaoni ya nchi hiyo kuthibitisha utambulisho wa wauzaji wakubwa, hatua iliyochelewa lakini yenye maana. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 na mamlaka yake maalumu. Nchini Tanzania, kazi hiyo hufanywa na Tume ya Ushindani, ambayo ina uwezo wa kukamata na kuteketeza bidhaa zenye alama za kughushi. Mnunuzi aliyeuziwa bamba au mkanda bandia katika nchi hizo ana mahali pa kupeleka malalamiko, na risiti na picha za lebo ndizo zitakazombeba.

Kifaa kikishathibitika kuwa ni bandia kisirudishwe kwenye begi kama akiba, kwa kuwa siku ya dharura atakayekipapasa gizani hatakumbuka kilichosemwa juu yake. Mkanda ukatwe vipande, bamba liandikwe kwa rangi isiyofutika kwamba halifai, na lebo ing'olewe na kuchomwa ili isishonwe kwenye kitu kingine.